Mahali Ambapo Namba Zinashuka

Zawadi alinipigia simu Jumanne, nikiwa bado na glavu mikononi pale laboratwari ya hospitali ya Bukavu ninapofanya kazi, akaniambia hata bila salamu kwamba Profesa Murhula amekufa na kilio kiko Nyantende, kijijini kwake. "Sisi wote ya darasa ya sita tutaenda," akasema. "Na wewe njo utasema neno ya banafunzi, Nabintu. Wewe njo ulikuwa wa kwanza." 'Njo' kwetu ni 'ndiye': kazi ilikuwa yangu, nikamwambia sawa. Nikamaliza sampuli iliyokuwa mbele yangu, nikaandika jibu lake, nikanawa. Sikulia. Mimi si mtu wa machozi ya karibu, na kwa kifo hiki sikuona kama nilikuwa na haki ya kulia. Heri niseme mapema, msomaji asije akanionea huruma ya bure: mwaka ule wa mwisho wa sekondari nilimharibia mzee huyo kazi yake, nikamuahidi kwamba nitasema ukweli, na sikusema. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Nimezaa, nimezika, vita vimepita juu ya mji huu vikarudi tena, na mimi sijasema.

Darasa letu la sita bio-chimie, yaani la elimu ya viumbe na kemia, lilikuwa mwisho wa jengo la juu, upande unaotazama ziwa. Paa lilivuja kwenye kona, na hapo ndipo ilipokuwa imetundikwa ile tabulo, yaani jedwali la elementi, karatasi kubwa iliyoletwa na mapadri zamani. Tulipoingia mwezi wa tisa tulikuta ukungu umeila yote; ilibaki hidrojeni juu na kipande cha dhahabu katikati. Profesa Murhula aliitazama siku ya kwanza, akaikunja, akaitoa nje bila neno. Alikuwa mwanamume mfupi, wa koti moja la kahawia, sauti ya chini, na kama darasa lina kelele yeye alishusha sauti zaidi mpaka sisi wenyewe tukanyamaza ili tusikie. Alikuwa na graduat, stashahada ya miaka mitatu tu, hakuwa na lisansi, ile shahada kamili, na kwa darasa la sita prefe, mkuu wetu wa shule, alitaka mwenye lisansi. Hilo tulilijua kwa sababu ofisi ya prefe ilipakana na choo cha wasichana, na ukuta ulikuwa wa mbao. Siku moja mimi na Zawadi tulimsikia prefe akisema: "Murhula, nakupa sita kwa kujaribu tu. Inspekteri akikuya na asipoona kazi muzuri, unarudia ku batoto ya mwaka ya kwanza." Na profesa akajibu: "Ndiyo, Bwana Prefe." Tulirudi darasani tukawanong'oneza wenzetu, tukajifanya mbele yake hatujui kitu, lakini siku hiyo darasa zima tulimpigia makofi kwa somo ambalo halikustahili makofi, mpaka mwenyewe akashangaa.

Mwezi wa pili alifika kwenye somo la nguvu ya kuioniza. Nikieleza leo kwa vijana wa stajé, wanaojifunza kazi hospitalini, hutumia maneno yake yale yale, maana sijapata mengine bora: ni nguvu inayohitajika kumng'oa elektroni mmoja kutoka kwenye atomu yake. Atomu nyingine huachia upesi, kama sodiamu. Nyingine hushika kama mwanamke anayeshika kikapu chake sokoni, kama neoni. Ukienda kulia kwenye tabulo, namba inapanda, kwa kuwa kiini kinazidi kuvuta. Ukienda chini, namba inashuka, kwa kuwa elektroni wa nje wako mbali na mwenye kuwavuta. Tuliimba hivyo kama litania: kwenda kulia inapanda, kwenda chini inashuka. Hata watoto wa darasa la jirani waliijua. Ilikuwa sheria nzuri, nyepesi, na mimi nilipenda sheria. Nilikuwa msichana wa namna hiyo, daftari lisilo na kufutwa, mstari wa rangi nyekundu chini ya kila kichwa cha somo. Nikimkumbuka sasa, huyo msichana ananichosha kidogo.

Alhamisi ya wiki ile nililala kwa malaria. Nilikuwa nakaa mtaa wa Kadutu kwa tantine yangu, dada mdogo wa mama, katika chumba ambacho mchana kilikuwa stoo ya makaa na maharage. Nililala kati ya magunia nikisikia mvua juu ya bati na tantine akigombana na jirani juu ya maji ya mfereji. Alinipa uji wa mtama na vidonge vichungu, akaniambia nikitapika vidonge nitavimeza tena. Jioni Zawadi alikuja na daftari lake ili ninakili. Sheria ilikuwemo, kulia na chini, na mifano. Kitu ambacho hakikuwemo ni neno ambalo profesa alisema kabla kengele haijalia: "Hii sheria iko na mahali inavunjika. Lundi mutatafuta nyinyi benyewe ku ukuta." Neno hilo la Jumatatu nililisikia baadaye sana; Zawadi hakuliandika kwa sababu halikuwa ubaoni. Sisi tulisoma hivyo: kilichoandikwa ubaoni kiliandikwa daftarini, na kilichosemwa kwa mdomo kilikuwa upepo. Alichonieleza ni kwamba profesa amepata rangi ya mafuta kwa fundi mmoja, anataka kuchora tabulo mpya moja kwa moja ukutani, ukungu usiweze kuila, na kwamba ni mimi nitakayeandika, kwa ajili ya mwandiko wangu. Nilipona homa saa ile ile.

Jumamosi asubuhi yeye mwenyewe alipiga mistari, kwa uzi uliopakwa chaki, akiuvuta na kuuachia, tap, tap, mpaka ukuta ukajaa visanduku vilivyonyooka. Tulikula sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga na kipande cha muhogo kwenye karatasi, tumeketi juu ya madawati, na aliniuliza nataka kusoma nini baadaye. Nikasema udaktari. Akasema, "Basi utauandika vizuri huu ukuta, ukuta njo kaye yako ya kwanza, daftari ya udaktari." Mchana akaondoka kwenda kumzika mtu wa ukoo wake, akaniachia karatasi yenye namba alizonakili kutoka kitabu cha mapadri. Kila elementi ya mistari mitatu ya juu na nguvu yake ya kwanza ya kuioniza, kwa elektronivolti. Nikabaki peke yangu na brashi ndogo na kopo la rangi nyeusi. Liti, yaani lithiamu, cinq virgule quatre, tano nukta nne. Berili, neuf virgule trois, tisa nukta tatu. Kisha boroni: huit virgule trois, nane nukta tatu. Nikasimama. Kwenda kulia inapanda; hii imeshuka. Nikaangalia mbele. Azoti, ile ambayo wengine huiita nitrojeni: quatorze virgule cinq, kumi na nne nukta tano. Oksijeni, iliyo kulia kwake: treize virgule six, kumi na tatu nukta sita. Imeshuka tena. Chini yake, magnesi na alumini, vilevile. Fosforo na sulfuri, vilevile. Mara nne.

Eh Yesu wangu, nikawaza, muzee amechoka. Nilijua haoni vizuri karibu, nilijua alinakili usiku kwa kibatari. Nilijua pia inspekteri, mkaguzi wa shule, anatarajiwa wakati wowote. Na ilikuwa hivi kwetu, na bado iko hivi kwa sehemu kubwa: mkubwa akikosea, humwambii. Mtoto aliyelelewa anaona nguo ya baba yake imegeuka nje ndani, anainyoosha akiwa anapita, baba hajui, watu hawajui, na heshima imebaki nyumbani. Ndivyo nilivyofanya. Nilibadilishana namba mbili mbili, mahali pane. Berili nikaipa ya boroni, boroni nikaipa ya berili. Azoti nikaipa ya oksijeni, oksijeni nikaipa ya azoti. Na wale wanne wa chini. Ukuta wote ukapanda kwa ulaini kutoka kushoto kwenda kulia, bila kikwazo. Nilijisikia vizuri sana. Niliosha brashi, nikakunja karatasi yake, nikaiweka kwenye mtoto wa meza, nikarudi Kadutu nikaimba njiani.

Jumatatu profesa aliingia saa ya kwanza na inspekteri nyuma yake, na prefe nyuma ya inspekteri. Hakuwa amepata hata dakika ya kutazama ukuta. Wale wawili walimkuta langoni. Lakini uso wake ulikuwa na furaha. Inspekteri alikuwa mzee mrefu mwenye kofia aliyoishika mkononi, akausifu ukuta, akasema shule nyingi za mji hazina kitu kama hiki. Akaketi nyuma. Na profesa akaanza somo alilokuwa amelitayarisha, mgongo wake ukiwa kwa ukuta na macho yake kwetu. "Munajua sheria. Leo munionyeshe fasi sheria inavunjika. Muangalie mustari ya pili, kutoka liti mpaka neoni. Wapi namba inashuka?" Tukatazama. Mimi nikatazama, na nikajua kwamba karatasi yake ilikuwa sahihi. "Zawadi?" Zawadi akasimama, akasoma kwa kidole hewani, akasema, "Haishuke, Papa Prof." "Angalia muzuri." "Haishuke." Akamwita mwingine. Haishuki. Mstari wa tatu? Haishuki. Mtu mmoja akacheka kidogo nyuma. Ndipo Profesa Murhula akageuka.

Aliusoma mstari wa pili, kisha wa tatu. Inspekteri akatoa miwani, akasogea karibu, akasoma, akasema kwa Kifaransa kwamba kosa moja ni kalamu iliyoteleza, lakini makosa manne ya namna moja ni mtu asiyejua. Prefe akauliza: "Nani aliandika ile? Kama ni munafunzi, anitokee mbele, leo hii anarudia kwao, hatakuwa ku liste ya Examen d'État." Huo ndio mtihani wa taifa, ukiondolewa kwenye orodha, mwaka umekufa, na kwa msichana wa nyumba ya watu mwaka ukifa mara nyingi na shule imekufa nao. Profesa hakunitazama. Kwa hilo nilimshukuru, na hilo ndilo nisilolisahau. Akasema: "Ni mimi niliandika, Bwana Prefe." "Wewe? Mara ine?" "Mimi." Nilikuwa dawati la pili. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua nne. Mdomo wangu ulikuwa mzima, ulimi mzima. Nikakaa.

Ripoti iliandikwa kwamba somo halikutayarishwa na mwalimu hamudu darasa. Kabla ya Pasaka alirudishwa kwa watoto wa mwaka wa kwanza, akapewa hesabu, na sisi tukaletewa kijana mwenye lisansi aliyetusomea kitabu akiwa ameketi. Mji huu mdomo wake hauna mlango. Wiki mbili baadaye nilikuwa jikoni kwa tantine nachambua sombe, majani ya muhogo, nikamsikia jirani uani: "Ule profesa ya chimie, inaonekana ata tabulo yake haijui! Batoto njo balimufundisha!" Na tantine akacheka, akasema, "Aka! Diplome ya kununua." Nilishika majani yale nikayatwanga mpaka tantine akaja kuuliza kama nataka kutoboa kinu.

Nilikwenda kwake siku ya Jumapili baada ya misa. Alipanga nyumba ya vyumba viwili kwenye mtelemko wa chini, mlango ukiwa juu ya ngazi za udongo zinazoteleza. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni. Mtoto wao mkubwa, Mugisho, wa miaka tisa hivi, alikuwa nje na jicho limevimba. Baadaye nilisikia kwamba alipigana shuleni kwa ajili ya jina jipya la baba yake: walimwita Mwalimu wa Kinyume. Profesa alinipa kiti na kikombe cha chai. Nikasema yote kwa pumzi moja. Akasikiliza, akauliza: "Juu ya nini haukuniuliza?" Nikasema niliona haya, mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Akasema, "Hakukuwa batu. Ilikuwa wewe na ukuta."  Kuuliza si ujinga, tuliimba hilo tangu shule ya msingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kitu.

Kisha, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakujua kuwa kitu kingine, akanifundisha somo ambalo nililiua. Alinionyesha chumba tulichoketi. "Azoti iko na elektroni tatu ya inje kabisa na vyumba tatu. Kila mupangaji na chumba yake, hakuna kelele, kumutoa mumoja ni nguvu. Oksijeni iko na ya ine. Ule wa ine anaingia wapi? Analala na mwingine. Banasukumana. Ukifika kufukuza mutu, ule njo anatoka mbiyo." Nikauliza, na boroni? Boroni, akasema, ni kwamba vyumba vya ndani vimejaa, mpangaji mpya ameanza kulala barazani, na wa barazani huondoka kirahisi. Nilielewa mara moja. Ilikuwa nzuri kuliko sheria yangu laini. Nikaanza kulia hapo, kwa aibu, akasubiri nimalize. Nikasema kesho nitaenda kwa prefe. Akatikisa kichwa. "Kesho hapana. Batakutoa ku liste, na mimi sitarudishiwa darasa juu ya ile. Andika ekzamen yako kwanza. Ukisha kupita, utaenda kwa prefe, utamuambia vile ilikuwa. Mimi sitakusemea. Neno yako, utaisema wewe mwenyewe." Nikasema, "Nakuahidi, Papa Prof." Alinisindikiza hadi ngazini.

Matokeo yalisomwa redioni mwezi wa nane. Jina langu lilipotajwa tantine alinimwagia poda ya waliofaulu kichwani, majirani wakaja na yao, nikatembea Kadutu nzima mweupe kama mtu wa unga, watu wakipiga vigelegele. Prefe alinipa mkono mbele ya wazazi, akasema mimi ni fahari ya shule. Huo ndio ulikuwa wakati. Alikuwa ameshika mkono wangu, hakuna orodha tena ya kunitoa. Nikasema, "Aksanti, Bwana Prefe." Wiki iliyofuata nikajiambia wiki ijayo. Mwezi wa tisa nikasikia Profesa Murhula amechukua familia yake kwenda Shabunda, kwenye shule moja ya misheni, huko ambako watoto huacha masomo kwenda kuchimba dhahabu. Nilihisi nafuu. Naliandika neno hilo jinsi lilivyokuwa: nafuu. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kurudi kuzeeka Nyantende, alikuja hospitalini kupimwa, na ni mimi niliyemtoa damu. Alinitambua. "Nabintu, uko muzima?" "Niko muzima, Papa Prof." Alinyoosha mkono, akangoja. Nadhani alingojea zaidi ya sindano. Nilifunga pamba, nikamwambia majibu ni kesho. Siku ya kufuata nilibadilishana zamu na mwenzangu.

Kwa hiyo Ijumaa tulikwenda Nyantende, sisi saba tuliobaki wa darasa lile, kwa gari la shemeji yake Zawadi. Nilikuwa nimeandika hotuba ya ukurasa mmoja: mwalimu mwenye bidii, mwenye upole, na kadhalika. Tulikaa chini ya turubai, tukapewa bugali na maharage, wanaume wakizungumza bei ya mbegu. Nyuma yangu kijana mmoja wa ukoo aliuliza wenzake kwa sauti ndogo kama ni kweli babu aliwahi kufukuzwa Bukavu kwa kutojua somo lake. "Njo banasemaka," mwenzake akajibu. Walisema bila ubaya, kama mtu anavyotaja kwamba babu alikuwa na mguu mbaya. Ndipo nilipotambua kwamba jambo lile halikubaki ukutani kwa shule. Lilirithiwa. Nilipoitwa nilisimama, nikaacha karatasi kwenye kiti, nikasema: "Mimi njo niliandika ule ukuta." Nikaeleza yote: karatasi yake iliyokuwa sahihi, mahali pane, prefe, ahadi, redio, sindano. Nilieleza hata vyumba vitatu na mpangaji wa nne, kwa kuwa bila hivyo wasingeelewa alijua nini.  Zawadi aliinamisha kichwa akashika mdomo wake.

Mjane, mama mkavu mwenye kitenge cheusi, alisogeza kiti chake karibu nami. "Njo wewe, basi," akasema. Nikasema njo mimi, maman. "Hii miaka yote ulikuwa Bukavu?" "Nilikuwa, maman." "Na sisi hapa, saa moja ya gari."  Kisha akasema, bila hasira, na hasira ningeiweza zaidi: "Alituambia kuna mutu atakuya kusema. Kila mwaka ekzamen ikitoka, alikuwa anavaa koti, anakaa ku mulango. Batoto balisema papa anajitungia tu, juu ya kuona haya."

Mugisho alikuwa amesimama kando ya nguzo ya turubai. Sasa ni mwanamume wa kufyatua matofali, mikono imepasuka, na shule aliiacha mwaka wa tatu, nilielezwa baadaye na Zawadi. Alikuja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari.

"Ile swali," akasema. "Ya azoti na oksijeni, gani inashika elektroni zaidi. Ilikuya mu ekzamen yako?"

"Ilikuya."

"Ukajibu nini?"

"Azoti."

"Ukapata?"

"Nilipata."

 Kisha akageuka, akanipa mgongo, akamwambia mama yake: "Maman. Papa alikuwa anajua."